Yakini, Dhana na Kijiti cha Pua

Mwezi Januari 2022 serikali kuu ya Marekani iliiruhusu kila kaya nchini kuomba vipimo vinne vya haraka vya UVIKO-19, vije kwa posta bila malipo. Katika nyumba za Bloomington, mji unaopakana na mto Minnesota kwa kusini na uwanja wa ndege wa Minneapolis–Saint Paul kwa kaskazini, vijiboksi hivyo viliwakuta watu ambao tayari walikuwa wamezoea kipimo cha namna nyingine. Tangu Novemba 2020 Jimbo la Minnesota lilikuwa likiwapa wakazi wake kipimo cha mate kwa njia ya posta. Mtu alitema mate katika kichupa huku msimamizi akimtazama kwa video, akakifunga, akakikabidhi kwa wasafirishaji, nacho kikapelekwa kwenye maabara ya Oakdale, upande wa mashariki wa Saint Paul. Jibu lilikuja kwa barua pepe, siku moja au mbili baada ya kichupa kufika.

Kwa hiyo juu ya meza moja ya jikoni vilikaa vipimo viwili vya kirusi kimoja. Kimoja kilijibu kwa dakika 15, muda ambao chai haijapoa. Kingine kilijibu kesho au keshokutwa, kwa uhakika mkubwa zaidi. Swali lililoulizwa katika nyumba nyingi lilikuwa jepesi kulitamka: vikitofautiana, kiaminiwe kipi? Wengi walilichukua kuwa swali la wanasayansi, wakasubiri wataalamu walijibu. Lakini ndani yake limo swali la zamani zaidi, ambalo hakuna maabara inayoweza kulijibu: mtu anaruhusiwa kufanya nini kwa nguvu ya ujuzi alio nao, iwapo ujuzi huo haujakamilika na iwapo atakayelipa gharama ya kosa ni mtu mwingine?

Kabla ya kuhukumu, yafaa kujua kila kipimo kinapima nini. Kipimo cha maabara, kiitwacho PCR, kinatokana na ugunduzi wa Kary Mullis wa mwaka 1983, uliompatia Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1993. Vinasaba vya kirusi hugeuzwa kuwa DNA, kisha hurudufiwa, kimoja kikawa viwili, viwili vikawa vinne, na kuendelea. Baada ya mizunguko 30, kipande kimoja huwa kimezaa zaidi ya vipande bilioni moja. Ndiyo maana mashine huona hata kilicho haba kabisa. Kipimo cha haraka hakirudufishi chochote. Hutafuta protini za kirusi, ziitwazo antijeni, kwa kingamwili zilizopakwa juu ya utepe wa karatasi. Protini zikiwa nyingi, mstari wa pili hujitokeza. Zikiwa chache, utepe hukaa kimya.

Tofauti hii ina maana kubwa kuliko inavyoonekana. PCR yaweza kuonyesha chanya wiki kadhaa baada ya mtu kupona, kwa sababu mabaki ya vinasaba bado yamo puani ingawa kirusi chenyewe kimeshakufa. Kipimo cha haraka nacho chaweza kuonyesha hasi siku ya kwanza ya maambukizo, kwa sababu kirusi ndiyo kwanza kinaanza kuongezeka. Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba kimoja ni kizuri na kingine ni nakala yake duni. Kimoja huuliza: je, kirusi kimepita hapa? Kingine huuliza: je, kirusi kimejaa hapa sasa hivi? Anayevilinganisha kana kwamba vimeulizwa swali moja hufanana na hakimu aliyewaita mashahidi wawili, mmoja aliyeona nyayo na mwingine aliyemwona mwizi, kisha akashangaa kuwa maelezo yao hayalingani.

Hata hivyo, tofauti ya maswali haifuti tofauti ya makosa. Kati ya mwisho wa Septemba na mwanzo wa Oktoba 2020, katika vyuo vikuu viwili vya jimbo jirani la Wisconsin, watafiti walichukua sampuli mbili za pua kwa wakati mmoja kutoka kwa kila mtu, moja kwa kipimo cha haraka na nyingine kwa PCR. Jozi zilikuwa 1,098. Miongoni mwa waliokuwa na dalili, kipimo cha haraka kiliwabaini 32 kati ya 40 ambao PCR ilisema wanacho kirusi. Miongoni mwa wasio na dalili kiliwabaini 7 tu kati ya 17. Tena, kati ya watu 21 wasio na dalili ambao kipimo cha haraka kiliwaita wagonjwa, 14 hawakuthibitishwa na maabara. Kwa kundi hilo la pili, kipimo kiliwaruka zaidi ya nusu ya wagonjwa, na theluthi mbili ya kiliowataja kiliwasingizia.

Takwimu hizo zikisomwa peke yake, mtu angekitupa kijiti cha pua jalalani. Lakini watafiti walikwenda hatua moja mbele: walijaribu kukiotesha kirusi hai kutoka katika sampuli. Kati ya watu 18 ambao kipimo cha haraka kiliwaruka, kirusi hai kilipatikana kwa wawili tu. Hapo watetezi wa kipimo cha haraka walipata hoja yao yenye nguvu. Wengi wa walioachwa, walisema, hawakuwa na cha kuwaambukiza wengine. Utepe wa karatasi uliwakosa watu ambao, kwa usalama wa jirani, haikuwa lazima wapatikane siku ile.

Hoja hiyo ni ya haki, nayo inastahili kusikilizwa. Lakini wale wawili hawapaswi kufichwa nyuma ya wale 16. Kwa mwanatakwimu, wawili kati ya 18 ni sehemu ndogo. Kwa mtu atakayesaidiwa kuvaa, kuoga na kula na mmoja wa hao wawili, hakuna sehemu ndogo. Kuna aliyemwambukiza au asiyemwambukiza. Hapa ndipo hesabu inapoikabidhi kazi falsafa ya maadili.

Lugha ya Kiswahili imejaliwa maneno matatu yanayosaidia kufikiri jambo hili: yakini, dhana na shaka. Yakini ni ujuzi usiotikisika. Dhana ni kuelekea upande mmoja kwa sababu una nguvu zaidi, huku upande wa pili ukiwa bado unawezekana. Shaka ni pande mbili kuwa sawa. Wanazuoni wa fikihi, ambao madarasa yao katika pwani ya Afrika Mashariki yameyafanya maneno haya kuwa mali ya kila siku, wana kanuni isemayo kwamba yakini haiondolewi na shaka. Aliyetia udhu kwa hakika, kisha akashuku kama umetenguka, hubaki na udhu wake. Kanuni hii hutaka kwanza ijulikane asili ya jambo, yaani hali iliyokuwapo kabla ya shaka kuingia.

Ikitumiwa kwenye kipimo, kanuni hiyo hutoa mwanga ambao wengi waliukosa. Matokeo hayasomwi katika utupu, husomwa juu ya asili. Chukua watu 1,000 wasio na dalili, ambao 10 kati yao wana kirusi. Tuseme kipimo hubaini nusu ya wagonjwa na humsingizia mzima mmoja katika kila 100. Kitawapata wagonjwa watano na kuwasingizia wazima karibu 10, hivyo anayeambiwa chanya ana sababu ya kuomba kipimo cha pili. Sasa chukua watu 1,000 wakati wa mlipuko, ambao 200 kati yao wana kirusi. Kipimo kilekile kitawapata 100 na kuwasingizia wanane. Hapo chanya inakaribia kuwa yakini, na ni hasi ndiyo isiyoaminika, kwa sababu wagonjwa 100 wameambiwa hawana kitu. Utepe ni uleule na wino ni uleule, na kilichobadilika ni asili. Anayesema «kipimo kimesema» bila kuuliza kimesema wapi na lini, amesoma nusu ya jibu.

Maana ya jambo hili ilionekana mapema katika nyumba za kulelea wazee. Kuanzia Julai 2020 serikali kuu ya Marekani ilizipelekea nyumba hizo mashine za vipimo vya haraka vya antijeni. Mwezi Oktoba jimbo la Nevada liliamuru matumizi yake yasitishwe baada ya kuona chanya nyingi zisizothibitishwa na maabara, na serikali kuu ikalitaka jimbo hilo liondoe amri yake. Mgogoro huo haukuwa wa kitaalamu tu. Katika nyumba ya wazee, kumsingizia mzima si kosa dogo, kwani mzee aliyeambiwa kimakosa kuwa na kirusi aweza kuhamishiwa katika wodi ya wagonjwa wa kweli, akaupatia huko ugonjwa ambao hakuwa nao. Kumwachia mgonjwa nako ni kumruhusu apite vitanda vyote. Makosa yote mawili yana uso wa mtu. Hakuna kipimo kisicho na kosa. Kilichopo ni uchaguzi wa kosa lipi libebwe, na nani alibebe.

Na swali la nani alibebe ndilo linalowagusa zaidi watu wa Afrika Mashariki waishio Minnesota. Katika miezi ya mwanzo ya janga, sehemu kubwa ya vifo vya jimbo hilo ilikuwa ya wakazi wa nyumba za malezi. Katika nyumba hizo Wakenya, Wasomali na wengine wa kutoka ukanda huo ni sura za kila siku, wakiwa wauguzi, wasaidizi wa wauguzi, wapishi na wafagizi. Achukuliwe mama mmoja wa kufikirika, mzaliwa wa Kisii, aishiye Bloomington. Ni alfajiri ya Novemba 2020. Koo linamwasha. Zamu yake inaanza saa kumi na mbili na nusu, na kazini kuna mashine ya kipimo cha haraka. Anapimwa mlangoni: hasi. Kichupa cha mate alichokituma jana bado kiko njiani kwenda Oakdale.

Kwa mujibu wa kanuni za karatasi, ameruhusiwa. Kwa mujibu wa koo lake, ana shaka. Akirudi nyumbani kungoja jibu la maabara, atapoteza mshahara wa siku mbili, labda tatu. Kodi ya nyumba haingoji, na karo ya mdogo wake aliye shule ya bweni nyumbani inangojwa na bwana fedha. Akiingia, huenda akawa mmoja wa wale 16. Huenda pia akawa mmoja wa wale wawili. Ndani anangojwa na bibi wa miaka 90 ambaye humwita binti yake, ingawa jina lake hulisahau kila asubuhi.

Ni rahisi kwa aliye mbali kusema kwamba maadili yamtaka arudi nyumbani. Jibu hilo lina ukweli: katika fikihi, kama ilivyo katika hekima ya kawaida ya watu wazima, kuondoa madhara hutangulizwa kabla ya kuleta manufaa. Lakini jibu hilo huficha dhuluma iwapo litaishia hapo. Sheria ya dharura iliyopitishwa na Bunge la Marekani mwaka 2020 iliwapa wafanyakazi wengi likizo ya ugonjwa ya hadi wiki mbili yenye malipo. Hata hivyo, kampuni zenye wafanyakazi 500 au zaidi ziliachwa nje, na waajiri wa watoa huduma za afya waliruhusiwa kuwatoa wafanyakazi wao katika haki hiyo. Mwisho wa Desemba 2020 ulazima wake ulikoma. Yaani, wale ambao kosa la kipimo lingekuwa na hatari kubwa zaidi mikononi mwao, ndio ambao sheria iliruhusu wanyimwe njia ya kungoja jibu sahihi.

Kwa hali hiyo, kuuliza kama mama yule alikiamini kipimo cha haraka kwa sababu hakujua udhaifu wake ni kuuliza swali lisilo lake. Huenda alikijua vizuri kuliko wengi. Alichokosa ni uwezo wa kuilipia shaka yake. Yakini ina bei. Anayeweza kukaa nyumbani siku mbili bila kupungukiwa hununua yakini kwa urahisi, kisha huona kuwa uangalifu wake ni tabia njema, asitambue kuwa sehemu ya wema huo imelipiwa na mwajiri wake. Asiyeweza hulazimika kuishi kwa dhana, na dhana ikimgeuka huitwa mzembe. Falsafa ya maadili inayompima mtu kwa uchaguzi wake pekee, bila kupima alichokuwa nacho cha kuchagulia, ina mizani iliyoegemea upande mmoja.

Mji wa Bloomington wenyewe baadaye ulipitisha sheria ya likizo ya ugonjwa yenye malipo, saa moja kwa kila saa 30 za kazi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2023. Sheria ya jimbo zima ilifuata tarehe 1 Januari 2024. Dharura ya kitaifa ya afya ilikuwa imetangazwa kumalizika tarehe 11 Mei 2023. Haki ya kungoja jibu ilifika mjini wiki saba baada ya janga kutangazwa kwisha. Si haba, kwa maana virusi havijaisha duniani. Lakini tarehe hizo zikisomwa pamoja zinaonyesha kuwa jamii ilikuwa tayari kugawa vijiti vya pua kwa mamilioni kabla ya kuwa tayari kugawa mapumziko ambayo yangevipa vijiti hivyo maana.

Kuna pingamizi kutoka upande wa pili, nalo ni zito. Iwapo kipimo cha haraka kina makosa, na makosa yake huwaangukia wanyonge, je, si afadhali kukiacha kabisa na kungoja maabara? Afrika Mashariki ilishajibu swali hili mara mbili, kwa namna mbili tofauti.

Jibu la kwanza ni la virusi vya UKIMWI. Kabla ya vipimo vya haraka kuenea, aliyetoa damu aliambiwa arudi baada ya wiki moja au mbili, na wengi hawakurudi. Maabara ilikuwa na jibu sahihi katika daftari, na mwenye jibu hilo alikuwa Mbagala, Kisumu au Mwanza akiishi bila kulijua. Jibu sahihi lisilomfikia mwenyewe si ujuzi wake. Vipimo vya haraka vilipoingia, jibu lilitolewa siku ileile, mshauri akiwa ameketi mbele ya mpimwaji. Hata hivyo, hakuna aliyepewa hukumu kwa kipimo kimoja. Kipimo cha kwanza huchaguliwa kwa uwezo wake wa kumnasa kila aliyeambukizwa, na kinachofuata huthibitisha. Tangu mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani linapendekeza vipimo vitatu mfululizo vyenye jibu lilelile kabla ya mtu kuambiwa kuwa ameambukizwa. Haraka haikufukuzwa, ilipangiwa utaratibu. Dhana tatu zilizosimama pamoja ziliikaribia yakini bila kumrudisha mtu nyumbani mikono mitupu.

Mwezi Agosti 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilifikia hekima hiyohiyo kwa kirusi kipya: aliyepata hasi kwa kipimo cha nyumbani apime tena baada ya saa 48, na asiye na dalili apime mara tatu. Wahenga wa pwani, waliopimiana mchele kwa kibaba bila mizani ya chuma, wangelielewa agizo hilo mara moja. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini sharti la kibaba ni kwamba mtu arudie kupima hadi kijae, asijaze nusu akaondoka akisema amepima.

Jibu la pili ni la uchungu zaidi. Tarehe 3 Mei 2020, akiwa Chato, Rais John Magufuli wa Tanzania alieleza kwamba sampuli za papai na za mbuzi zilipelekwa katika maabara ya taifa zikiwa zimepewa majina ya watu, na kwamba baadhi yake zilirudi na jibu la chanya. Mkuu wa maabara alisimamishwa kazi. Kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa, kwa kinywa cha mkurugenzi wake John Nkengasong, kilikataa dai kwamba vipimo vyenyewe vilikuwa vibovu. Idadi ya mwisho ya wagonjwa iliyotangazwa ilikuwa 509, na vifo 21. Baada ya hapo takwimu zilinyamaza kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Yafaa kuwa mwadilifu hapa. Kuipelekea maabara sampuli zisizo na ukweli ili kuijaribu si dhambi. Maabara zenyewe hujipima kwa njia hiyo, na raia ana haki ya kuuliza kama mashine inayomhukumu inajua tofauti ya binadamu na papai. Kosa halikuwa kushuku. Kosa lilikuwa katika kilichofuata baada ya shaka. Shaka juu ya kipimo humtaka mtu apime tena, kwa mkono mwingine, kwa mashine nyingine, mbele ya mashahidi. Badala yake shaka iligeuzwa kuwa ruhusa ya kutojua. Mwenye kuona mizani imekosea na akaendelea kuuza bila mizani hajamtetea mnunuzi. Na msemo wa kale kwamba mficha maradhi kifo humuumbua haukumtaja mtu binafsi peke yake.

Wiki mbili baadaye, tarehe 16 Mei, Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania isipokuwa kwa malori ya mizigo, na madereva wakatakiwa wawe na jibu la hasi. Foleni zilirefuka Namanga kama zilivyorefuka Busia na Malaba. Madereva walilala ndani ya malori, wakapika pamoja, wakachangia maji, huku wakingojea jibu sahihi la maabara. Hilo nalo ni funzo. Kungoja yakini si hali isiyo na madhara. Aliyewekwa kwenye foleni siku kadhaa ili athibitishwe kuwa hana ugonjwa, aweza kuupata kwenye foleni hiyohiyo. Waliofikiri kwamba kuchelewa ndiko usalama walisahau nusu ya hekima ya lugha yao: haraka haraka haina baraka, lakini ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali hizi mbili hazipingani, maana kila moja inamjua mtu wake na wakati wake.

Wasafiri wa Bloomington walilionja jambo hili kwa namna ya msiba. Kuanzia Agosti 2020 Kenya ilimtaka aingiaye awe na jibu la PCR lisilozidi saa 96. Marekani, kuanzia tarehe 26 Januari 2021, ilikubali PCR au kipimo cha antijeni. Kwa hiyo aliyefiwa na mzazi alihitaji jibu la maabara ili aende kuzika, na kipimo cha haraka kilimtosha kurudi kazini. Jibu la maabara likichelewa siku moja, ndege iliondoka, na kaburi likafukiwa bila mwana wa marehemu kutupa udongo wake. Nchi ilikuwa na haki ya kujilinda, hasa nchi yenye vitanda vichache vya wagonjwa mahututi. Lakini kwa aliyebaki amekaa katika uwanja wa ndege akitazama simu, usahihi wa kipimo haukuwa sifa, ulikuwa ukuta.

Aristotle aliandika katika kitabu chake cha maadili kwamba mtu aliyeelimika hutafuta usahihi kwa kiasi kinachoruhusiwa na jambo lenyewe. Yaliyotokea kati ya Bloomington na Namanga yanaongeza sharti moja: wakati ni sehemu ya jambo lenyewe. Jibu linalokuja baada ya tendo halikuliongoza tendo, limeliandikia historia tu. Wala jibu linalokuja mapema halina ubora kwa umapema wake, iwapo linamfanya mtu aache kuuliza.

Hatari kubwa ya kipimo cha haraka, basi, haimo katika utepe wake. Imo katika neno hasi linapogeuka kuwa cheti. Mtu hupima asubuhi ya sherehe, huona mstari mmoja, na hapohapo huhisi kwamba wajibu wake umekwisha: hana haja ya barakoa, hana haja ya kufungua dirisha, hana haja ya kumwambia mwenyeji kuwa jana alikohoa. Kipimo kimemwondolea mzigo ambao hakikuwa na mamlaka ya kuuondoa. Shahidi amefanywa hakimu. Na PCR haina kinga dhidi ya upotofu huo. Jibu la hasi la maabara lililochukuliwa Jumanne halimjui mtu aliyekaa basini Jumatano.

Kinachodaiwa kwa mwenye kupima ni mambo matatu, na yote yako ndani ya uwezo wa binadamu asiye mtaalamu. La kwanza ni kuijua asili yake: je, ana dalili, je, amekaa na mgonjwa, je, ugonjwa umeenea mtaani? La pili ni kupima kosa kwa jicho la atakayeumia nalo, na si kwa jicho la anayepima. Anayekwenda kumtembelea kijana mwenzake na anayekwenda kumlisha mgonjwa wa saratani wanaweza kuwa na mstari mmoja uleule, na wasiwe na ruhusa moja. La tatu ni kusema alichonacho kama kilivyo. «Nimepima, imeonyesha hasi, lakini koo linaniwasha» ni sentensi fupi, na ndani yake mna uaminifu kuliko katika cheti chochote, kwa sababu humrudishia mwingine haki ya kuamua kuhusu mwili wake.

Kwa jamii kinadaiwa kimoja: kumfanya aliye na shaka aweze kusema sentensi hiyo bila kufukuzwa kazi, bila kukosa kodi. Mama yule wa kufikirika aliyesimama mlangoni alfajiri hakuhitaji kipimo cha tatu. Alihitaji msimamizi atakayemwambia, «Rudi nyumbani, mama, siku zako zitalipwa, tutampata mtu wa kushika zamu.» Pale penye maneno hayo, kipimo cha haraka chenye kasoro zake humlinda bibi wa miaka 90 vizuri kabisa. Pale pasipo na maneno hayo, hata maabara ya Oakdale ingejibu kwa dakika 15, jibu lingemkuta mama yule ameshavaa glavu.